Gia Iliyojitoa Kona ya Mawe

Fundi Athuman alikuwa amelala chali chini ya gari jeusi la Bwana Akbarali, na ingawa gari lenyewe lilikuwa limezimwa na kuzuiwa kwa magogo, alikuwa akiogopa. Hakuwa mgeni wa mahali hapo. Ulikuwa mwaka wake wa tisa katika gereji ya Bwana Ebrahim, pale mjini Dodoma, tangu alipoteremka kutoka kwao milimani Kondoa akiwa hajui hata spana inashikwa upande gani. Lakini siku hiyo, kando ya gurudumu la mbele, vilisimama viatu viwili vyeusi vya kung'aa. Vilikuwa viatu vya Inspekta wa polisi, Mzungu mrefu asiyependa kurudia neno, na kila Athuman alipogeuza kichwa aliviona vipo palepale.

Siku nne kabla, gari hilo lilikuwa limemvunja mtu. Mtu mwenyewe aliitwa Petro, mwenyeji wa Ihumwa, kibarua wa kupasua mawe ya barabara. Silvano, dereva wa Bwana Akbarali, alikuwa akiupandisha mlima ambao madereva waliuita Kona ya Mawe, mbele ya Msalato katika njia ya Kondoa. Katikati ya mlima gari likaishiwa nguvu, likarudi nyuma, likambana Petro mguu baina ya bampa na mwamba. Silvano alisema gia ilijitoa yenyewe, na alipotaka kuirudisha ikakataa. Bwana Akbarali alisema gari lake ni zima, dereva alikuwa amesinzia au amekunywa. Polisi wakamtia Silvano ndani. Kesi ilikuwa kesho yake saa nne asubuhi, na fundi ndiye aliyetakiwa aseme nani mkweli.

Gari lilikuwa la namna iliyoanza kuonekana baada ya vita kuu ya pili. Mkono wake wa gia haukuchomoza sakafuni kama wa malori. Ulitokeza ubavuni mwa usukani, mwembamba, wenye kirungu cheusi nchani. Dereva akiuvuta kwake na kuushusha, anapata namba moja. Akiusukuma mbele na kuupandisha, namba mbili. Kutoka hapo fimbo mbili za chuma zilishuka ndani ya boneti mpaka ubavuni mwa giaboksi. Wengi waliogopa magari ya namna hiyo. Mkono uko huku, giaboksi iko kule, na katikati mna viungo vingi vya kulegea.

Athuman alizifungua zile fimbo mbili, akazisukuma gia kwa mkono pale pale kwenye giaboksi. Ziliingia bila kusita, kak, kak, kila moja mahali pake. Basi giaboksi haikuwa na kasoro. Akazirudisha fimbo, akapapasa viungo vyake. Vilikuwa vimelika kidogo tu. Akapanda garini, akakanyaga klachi, akaingiza moja, mbili, tatu, rivasi. Zote zilikubali.

"Zima au bovu?" aliuliza Inspekta kwa Kiswahili chake kikavu.

Athuman alijifuta mikono kwa kitambaa, polepole kuliko ilivyohitajika. Nyuma ya Inspekta, mlangoni pa ofisi, Bwana Ebrahim alikuwa amesimama, na kando yake Bwana Akbarali, mikono nyuma. Jibu walilolitaka lilikuwa dhahiri nyusoni mwao. Na alfajiri ile ile Loisi, mke wa Silvano, alikuwa amemngoja Athuman njiani, akamwambia maneno machache tu: "Fundi, sikuombi uongo. Nakuomba utazame vizuri."

"Hapa ni zima, Bwana," alisema. "Lakini hapa ni tambarare. Halikuharibikia hapa. Naomba nilipeleke kule kule mlimani."

Alipokwisha kusema hivyo akaogopa, maana alijua ni nani atakayeshika usukani.

Inspekta alikubali. Saa nane mchana Athuman aliliondoa gari mjini. Ubavuni mwake alikaa Sajenti Kefa, askari mnene wa makamo, na nyuma alikaa Silvano, pingu mikononi. Upepo wa Septemba ulikuwa ukisukuma vumbi jekundu barabarani, mpaka migunga ya pande zote mbili ikawa na rangi moja na ardhi. Walipopita Msalato, Silvano alikohoa, akasema, "Mdogo wangu, ikijitoa usihangaike nayo. Mimi nilihangaika nayo. Kanyaga breki kwanza."

"Nimekusikia, kaka."

Chini ya mlima Sajenti Kefa na Silvano wakashuka. Sajenti alimfungua pingu, wakaviringisha mawe mawili makubwa mpaka katikati ya mpando, wakayaweka kwa kipimo cha magurudumu, ili gari likirudi likutane nayo. Athuman alisubiri mpaka wakajitenga kando, akalipitisha gari pembeni ya mawe, akalinyoosha mbele ya mawe hayo, akasimama. Mbele aliona barabara ikipanda kama ukuta. Kwenye kioo aliona ule mwamba, na ubavuni mwake doa jeusi ambalo vumbi lilikuwa halijalifunika lote.

Alisoma bismillahi. Akaingiza namba moja, akaongeza mafuta, akaachia klachi.

Gari lilivuta. Lilikwenda hatua kumi, kumi na tano, injini ikinguruma kwa taabu. Mara ule mkono wa gia ukaruka. Hakuwa ameugusa, mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya usukani. Aliuona kwa macho yake ukipanda wenyewe kutoka chini mpaka katikati, kama mtu asiyeonekana ameusukuma, na injini ikapiga kelele kubwa isiyobeba kitu. Gari likasita. Kisha likaanza kurudi.

Silvano alikuwa amemwonya, naye alikuwa amesikia, na bado mkono wake ulikwenda kwenye gia. Akaivuta, ikagoma. Ilikuwa imenasa, haipandi wala haishuki, na gari lilikuwa likirudi kwa kasi iliyozidi kila alipohesabu pumzi. Mguu ulipoikumbuka breki ulikuwa umechelewa. Magurudumu ya nyuma yakayapiga mawe kwa kishindo, mgongo ukamgonga kwenye kiti, na gari likatulia, limeinama kidogo upande mmoja.

Alikaa humo kwa muda.

Sajenti Kefa alikuja dirishani. "Imejitoa?"

Athuman alimpungia mkono kuomba angojewe. Injini ilikuwa imezimika. Akaujaribu tena ule mkono wa gia ulionasa, kwa vidole viwili tu, na ukateleza mahali pake bila taabu. Moja. Mbili. Tatu. Zote zilikubali, kama kule gereji.

Hapo ufundi wake ulimrudia, ukaisukuma hofu kando kidogo. Likiwa halivuti, gari ni zima. Likivuta, ni bovu. Basi kulikuwa na kitu kinachohama pale tu injini inapobeba uzito, na kitu hicho hakiwezi kuonekana gari likiwa limezimwa gereji. Mtu atakayekiona ni lazima aingize kichwa ndani ya boneti wakati injini inavuta.

Aliwaeleza. Sajenti Kefa hakujua kuendesha. Aliyejua alikuwa mmoja.

"Kaka Silvano," Athuman alisema, "utakaa humo. Handbreki juu. Ingiza moja, ongeza mafuta, achia klachi kidogo kidogo mpaka uhisi linataka kwenda. Hapo hapo shikilia. Ukiachia yote, litanipitia."

Silvano alivitazama vifundo vya mikono yake. Pingu zilikuwa zimemwachia alama nyekundu. "Siku nne sijashika usukani," alisema. "Naogopa."

"Hata mimi."

Athuman alifungua boneti, akainama ubavuni mwa gurudumu la mbele, tumbo juu ya bodi la moto, uso hatua moja kutoka kwenye feni inayozunguka. Alilisikia gari likijikaza. Alipakodolea macho mahali fimbo za gia zilipokutana na giaboksi, na ghafla akaona kitu ambacho katika miaka tisa hakuwahi kukiona: injini nzima ikiinuka. Iliinuka upande wa kushoto, taratibu, kama ng'ombe anayeanza kusimama, na giaboksi ikaenda nayo. Lakini fimbo za gia zilikuwa zimefungwa kwenye usukani, na usukani haukuinuka. Fimbo zikabaki chini, giaboksi ikapanda, na ule mwachano ukaivuta gia ikatoka yenyewe.

"Imejitoa!" Silvano alipiga kelele kutoka ndani. "Imejitoa tena, Sajenti!"

Injini ikadondoka mahali pake kwa mshindo mzito.

Athuman hakujibu. Alikuwa ameshusha macho mpaka chini ya injini upande wa kushoto, kwenye kile kipande cha mpira ambacho injini hukikalia. Mpira ulikuwa mzima. Bolti ilikuwa imesimama katikati yake, imenyooka, nyuzi zake zikimetameta. Ilikuwa haina nati.

Mwezi wa tano alikuwa amebadilisha klachi ya gari hili. Yeye, peke yake. Ili kuifikia klachi alikuwa ameinua injini, na alipoirudisha aliikaza nati ya kulia kwa spana. Ya kushoto aliizungusha kwa vidole tu, mizunguko mitatu, ili aikaze baadaye, ndipo Bwana Ebrahim akaita watu wote wakalisukume lori lililonasa langoni. Aliporudi alifunga betri, akafunga boneti. Alikumbuka hata wimbo aliokuwa akiuimba kinywani. Kukaza ile nati hakukumbuka, kwa sababu hakuikaza.

"Umeona nini?" Sajenti Kefa aliuliza, akijaribu kuchungulia. Kwa macho yake pale palikuwa ni vyuma na giza tu.

Athuman alisikia kinywa chake kikisema, "Sijaona kitu."

"Na wewe ulipoendesha? Ilijitoa, au uliitoa?"

Silvano alikuwa ameshuka, amesimama mbele yake, uso umejaa matumaini ambayo Athuman hakuweza kuyatazama.

"Sina hakika," Athuman alisema. "Pengine mkono wangu uliteleza."

"Lakini imejitoa na mimi sasa hivi," Silvano alisema. "Sajenti, imejitoa mkononi mwangu."

"Wewe huwezi kuwa shahidi wako mwenyewe," Sajenti alimjibu, si kwa ukali, akamvisha pingu.

Walirudi kwa namba tatu, gari likiteremka bila shida yoyote. Chini ya mlima vibarua wa mawe walikuwa kazini. Mmoja alimtambua Sajenti, akasimamisha nyundo na kumpa habari kwamba Petro amekatwa mguu asubuhi ile hospitali, juu ya goti. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetoa habari ya mvua. Athuman alishika usukani kwa nguvu mpaka vidole vikamuuma. Nyuma yake alisikia Silvano akiomba kwa Kilatini cha kanisani, neno moja likijirudia.

Jioni ile Batuli, mkewe, alimwekea ugali na mlenda, akamkuta baadaye hajamega hata tonge.

"Una homa?"

"Sina."

"Basi unaogopa." Batuli alikaa chini mkekani. "Tangu umeingia umefunga mlango mara mbili, na watoto bado wako nje."

Akamwambia. Alimwambia yote, mpaka habari ya mizunguko mitatu, akitazama miguu yake mwenyewe. Batuli hakumlaumu wala hakumtuliza. Aliuliza, "Watakufunga?"

"Huenda."

"Na usiposema, watamfunga yule."

"Ndiyo."

Batuli aliufunika ule ugali. "Nami naogopa, baba Swaumu," alisema hatimaye. "Usiniulize mimi. Nikikujibu nitakujibu kwa ajili ya wanangu."

Kulipopambazuka alikuwa gereji kabla ya wenzake. Gari lilikuwa limelazwa pale, maana Inspekta alitaka liletwe mahakamani. Alifungua kopo la vyuma chakavu, akatafuta mpaka akapata nati ya saizi ile. Ingekuwa kazi ya dakika mbili. Akija fundi mwingine kutoka reli, au hata kutoka Dar es Salaam, atakuta injini imefungwa sawasawa pande zote, na maneno ya Silvano yatakuwa maneno ya mlevi milele.

Aliinama, akaiweka nati juu ya bolti, akaizungusha kwa vidole. Mzunguko mmoja. Wa pili. Wa tatu. Kisha akanyoosha mkono kuchukua spana, na mkono ukakataa.

Hakuwa shujaa, na mwenyewe hakujidanganya hivyo hata siku moja. Kilichomzuia kilikuwa ni hofu ile ile, ila ilikuwa imegeuka ikamtazama kutoka upande mwingine. Aliona kwamba akiikaza nati hii, hatakuwa tena mtu aliyesahau. Kusahau ni kwa binadamu, na Mungu anajua. Hiki angekifanya macho wazi, asubuhi, akiwa hakuitwa na mtu kusukuma lori. Na mlima ule ataupita kila aendapo kwao Kondoa, mpaka kufa kwake.

Akaizungusha nati kinyume, akaitoa.

"Umewahi," Bwana Ebrahim alisema mlangoni. Alikuwa mzee wa kofia nyeusi, mtu wa haki kwa mambo mengi, na Athuman hakuwahi kumdanganya. "Akbarali amepita nyumbani. Anataka useme gari ni zima, mambo yaishe."

"Si zima, Bwana Ebrahim. Na aliyeliharibu ni mimi."

Mzee alikuja taratibu, akainama juu ya injini, Athuman akamwonyesha kwa kidole. Bwana Ebrahim aliitazama ile bolti tupu muda mrefu, akajinyoosha, mkono kiunoni. Uso wake ulikuwa umepauka, na Athuman akatambua kwa mara ya kwanza kwamba hata tajiri huogopa, maana jina lililoandikwa juu ya gereji lilikuwa la mzee huyo.

"Ukisema hivyo mahakamani, sitaweza kukurudisha hapa," alisema.

"Najua."

"Nenda ukanawe mikono, basi. Usiende mbele ya hakimu hivyo."

Mahakamani chumba kilikuwa na joto, na Athuman alisimama kizimbani ameshika ubao kwa mikono miwili. Alieleza mwanzo mpaka mwisho: klachi ya mwezi wa tano, nati ya kulia na ya kushoto, injini iliyoinuka, fimbo zilizobaki chini. Mkalimani aligeuza maneno yake kwa Kiingereza, na kila alipomaliza sentensi Inspekta aliandika. Alipofika kwenye maneno "jana nilimwambia Sajenti sijaona kitu, nilikuwa nimeona," mkalimani alimgeukia, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kweli anataka hilo ligeuzwe.

"Geuza," Athuman alisema.

Walitoka wote nje, wakaikagua ile bolti. Bwana Akbarali naye aliinama akaitazama, suti yake ikigusa vumbi, akanyanyuka bila neno. Kabla ya saa sita Silvano alikuwa huru. Athuman alishtakiwa hapo hapo, akakiri, akahukumiwa miezi mitatu, miwili kwa uzembe na mmoja kwa kumdanganya askari. Hakimu alisema ingekuwa mingi zaidi kama asingejileta mwenyewe. Batuli alikuwa miongoni mwa watu waliojaa mlangoni, Swaumu kando yake, na alipolisikia neno miezi mitatu alifumba macho, kisha akayafumbua akamtazama mumewe moja kwa moja. Mwaka uliofuata walihamia Kondoa, wakalima, na Athuman akatengeneza baiskeli na cherehani za watu. Magari hakuyarudia.

Lakini siku ile, wakati Sajenti Kefa akimwongoza barazani, walimkuta Silvano amesimama na Loisi kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Loisi alikuwa amemletea mumewe shati safi. Athuman alitaka kupita amejiinamia, ila Silvano akamzuia kwa mkono.

"Nina swali moja, fundi. Jana pale mlimani, ulipotoa kichwa bonetini, nami nimesimama mbele yako. Ulikuwa umeshaona?"

"Nilikuwa nimeshaona."

Silvano alimtazama. Athuman alingoja tusi, au kofi, na mwili wake wote ukajikunyata kulipokea. Silvano aliitikia kwa kichwa tu, mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo aliokuwa akiujua uzito wake.

"Jana usiku nilijiona mwendawazimu," alisema. "Nilianza kuamini kwamba ni kweli nilisinzia."

Akavaa lile shati pale pale barazani, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akaondoka na mkewe wakielekea hospitali kumtazama Petro. Sajenti Kefa aliwaacha waende mbele kidogo. Kisha akamgusa Athuman bega, nao wakashuka ngazi.